Nyumba ya mviringo: ikipasuka, nani ataitengeneza?

Maneno tuliyosema mbele ya wanachama, Baraka. Tumeyaandika hapa kwa wale ambao hawakuweza kufika.

Komite imetuita juu ya swali moja, na swali lenyewe muko nalo tayari. Vijana wa chama wameonyesha kwenye simu nyumba za udongo ambazo hazina mbao wala mabati, za mviringo kama chungu kilichogeuzwa, zinazojengwa kwa mifuko iliyojazwa udongo. Wanauliza: ile pesa ya kasha ambayo ingenunua mabati ya familia sita, kwa nini isijenge nyumba kama hizo? Mvua inaanza mwezi wa tisa. Shauri lazima likatwe mbele ya hapo.

Sisi tunaozunguka vijijini kwa kazi ya makao tumeombwa kusema tunachokijua. Hatukuja kuwakatalia vijana, na hatuna mradi mfukoni. Mnatujua: siku tukiwa na mradi tunakuja na fomu na wino wa kutia kidole. Leo tuko na maneno tu.

Kwanza, tusiseme kwamba hii ni mambo ya wazungu. Bambuti wa Ituri wanajenga nyumba ya namna hiyo tangu zamani. Ni wanawake wanaoijenga: wanachomeka fito katika duara, wanazipinda mpaka zikutane juu, kisha wanafunika kwa majani mapana ya msituni. Kwa masaa machache familia iko na mahali pa kulala. Na kule kaskazini ya Kameruni, karibu na mto Logone, Wamusgum walikuwa wakijenga nyumba ndefu za udongo mtupu uliochanganywa na majani, zinazofika mita saba au zaidi kwenda juu. Ukuta ni mnene chini, unapungua kadiri unavyopanda, na juu kabisa kuna tundu la kutolea moshi. Nje ya ukuta waliweka vinundu vilivyopangwa kwa mistari. Mgeni anafikiri ni mapambo. Vile vinundu ni ngazi: fundi alikuwa akipanda juu yake kila mwaka kwenda kukandika upya udongo uliokwanguliwa na mvua. Tena vinavunja nguvu ya maji yanaposhuka. Mushike hilo jambo la ngazi, tutalirudia.

Sasa hii ya mifuko. Mtu aliyeieneza ni mchora nyumba aliyezaliwa Iran, Nader Khalili, ambaye alikwenda kuishi Marekani. Mwaka 1984 alipeleka wazo hilo mbele ya watu wa NASA waliokuwa wakitafuta namna ya kujenga juu ya mwezi, kwa sababu huko huwezi kupeleka mbao wala saruji. Utajenga kwa kile unachokikuta chini ya miguu. Msicheke. Mtu aliyerudi kwenye kiwanja chake baada ya miaka kumi ya kambi anaijua hali hiyo ya mwezi: unakuta udongo, na majani yaliyopita kichwa.

Mwaka 1995 nyumba zake za mifuko zilijengwa na wakimbizi wenyewe, watu waliotoka Iraki, katika kambi ya Baninajar, jimbo la Khuzestan, Iran. HCR na PNUD walikuwa ndani ya kazi hiyo. Zilikuwa chache, kama kumi na tano, na waliozijenga hawakuwa mafundi. Mwaka 2004 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Aga Khan ya ujenzi. Kwa hiyo vijana wetu hawakuokota uongo kwenye simu. Nyumba za namna hii ziko, na zinasimama.

Namna ya kujenga ni hii. Unachimba msingi wa duara. Katikati unasimamisha mti na kuufunga kamba, na kamba ndiyo inakupimia ukuta, safu kwa safu. Unajaza udongo wenye unyevu kidogo ndani ya mifuko ya plastiki iliyofumwa, zile tulizoziita viroba kule Tanzania, au mfuko mmoja mrefu kama utumbo. Unaulaza, unaushindilia mpaka uwe mgumu, unaweka waya wa miba juu yake ili safu inayofuata isiteleze, halafu unaendelea. Kila safu inaingia ndani kidogo kuliko ile ya chini yake mpaka duara lifunge juu. Udongo ukichanganywa na saruji kidogo au chokaa, unashika zaidi. Mwisho unakandika nje yote. Hapa hakuna kungoja: ile plastiki ikiachwa kwenye jua inachakaa na kukatika, kama tunavyoona shitingi zetu zinavyogeuka kuwa nyuzi.

Tupige hesabu pamoja. Duara linaokoa ukuta: nyumba ya pembe nne ya mita nne kwa nne iko na ukuta wa mita 16 kuzunguka, lakini duara lenye nafasi ileile ndani linazungukwa na mita 14 na kitu. Hiyo ni faida. Lakini kuba ya upana wa mita nne inabeba udongo zaidi ya mita za ujazo 10. Ni zaidi ya tani 15, zichimbwe, zichujwe mawe, zinyunyizwe maji, zijazwe, zipandishwe kwa mikono mpaka juu ya kichwa. Kijana anasema udongo ni bure. Ndiyo, ni bure kwa mwenye mabega. Kati ya zile familia sita zilizo kwenye orodha, nne ni za wamama wajane na moja ni ya mzee asiyeona vizuri. Nani atapandisha tani 15 kwa ajili ya mama mwenye watoto wadogo, kama si salongo yenu ya wiki nyingi? Na wiki hizo ni wiki za kulima.

Kuna jambo ambalo linaipa kuba heshima kubwa upande wetu wa ziwa, nalo ni tetemeko. Wengi wenu mnakumbuka Desemba 2005, ardhi ilipotikisika chini ya Tanganyika na nyumba zikaanguka Kalemie. Mwaka 2008, mwezi wa pili, ilikuwa zamu ya Bukavu. Katika nyumba ya matofali mabichi, kinachoua ni ukuta ulionyooka unaoanguka ndani na paa linalofuata. Kuba haina pembe, na mzigo wake unasukumana kuelekea chini kuzunguka pande zote, kama yai unapolibana kwa ncha zake. Khalili alizipeleka nyumba zake zipimwe kule Hesperia, California, nchi ya matetemeko, na zikapita. Lakini hiyo ni kuba iliyopimwa kwa kamba kila safu na kufungwa kwa waya. Ile iliyojengwa kwa haraka, ambapo kamba ilipotea siku ya tatu na mtu akaendelea kwa macho, ni tani za udongo zinazoning'inia juu ya kitanda cha mtoto.

Sasa mvua. Hapa ndipo tunawaomba mtusikilize vizuri, juu simu haionyeshi mvua. Khuzestan ni nchi ya jua kali na mvua kidogo. Nchi ya Wamusgum inapata mvua miezi michache tu kwa mwaka, na bado walipanda kila mwaka kukandika. Sisi mvua iko nasi kutoka mwezi wa tisa mpaka wa tano. Nyumba yenye mabati inavaa kofia: maji yanadondoka mbali na ukuta. Kuba haina kofia. Paa lake ndilo ukuta, na kila tone linalopiga juu linateremka juu ya udongo mpaka chini kwenye msingi. Ukiifunika kwa saruji, saruji inapata nyufa, maji yanaingia katika ufa, na udongo wa nyuma yake unalainika bila wewe kuona. Inawezekana kuizuia, kwa chokaa nzuri, msingi wa mawe ulionyanyuka, mfereji kuzunguka nyumba, na mtu wa kupanda juu kila kiangazi. Wamusgum waliweka ngazi katika mwili wa nyumba kwa sababu walijua kwamba nyumba hiyo itadai kupandwa daima. Katika zile picha za simu tulitafuta ngazi. Hatukuiona.

Tunasema hivyo juu mabati yakitoboka, kila mtoto wa Baraka anajua la kufanya: lami kidogo, msumari mmoja, au kipande cha bati kinachoingizwa chini ya kingine. Kuba ikipasuka kwa juu, utamwita nani? Fundi aliyeijenga alifundishwa siku tano na akaenda Uvira kutafuta maisha. Nyumba ambayo fundi wake hayuko kijijini ni kama mashine ya kusaga isiyo na vipuri: siku inapofanya kazi wote wanaisifu.

Kuna watu walioingia katika njia hii mbele yetu, tuwatazame. Misri, karibu na Luxor, miaka ya 1940, Hassan Fathy alijenga kijija kizima cha matofali mabichi, Gourna Mpya. Mbao zilikuwa hazipatikani, akawaita mafundi wa Kinubi kutoka upande wa Aswan, watu wanaojua kufunga paa la udongo bila kuweka hata ubao mmoja chini yake. Kazi nzuri sana. Mpaka leo wachora nyumba wanaisoma. Lakini wengi kati ya watu waliojengewa walikataa kuhamia. Sababu kubwa ilikuwa riziki yao, iliyokuwa kule mlimani, kati ya makaburi ya zamani. Na kuba yenyewe, kwa macho ya watu wa huko, ilikuwa paa la kaburi la mtu mtakatifu, si la kulala na mke na watoto. Hapa kwetu mama mmoja alipoona picha aliuliza kama ni tanuri la mikate. Mlicheka, lakini swali lake lina uzito. Nyumba ni pia uso wa mtu mbele ya majirani. Mtu aliyetoka kambini, ambaye kwa miaka alihesabiwa kwa namba ya kadi, hataki tena nyumba ambayo mpita njia atainyooshea kidole na kusema: ile ni ya wale waliosaidiwa.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na hali yenu. Indonesia, tarehe 27 Mei 2006, tetemeko lilipiga upande wa Yogyakarta. Kijiji kimoja cha mlimani kilishuka pamoja na ardhi yake, watu wakahamishwa. Shirika la Kimarekani likawajengea nyumba za kuba, 71, za saruji, zilizotandazwa juu ya puto kubwa lililojazwa hewa. Kijiji kinaitwa New Ngelepen. Nyumba ziko imara, na leo watalii wanakwenda kuzipiga picha. Lakini mkitazama nyuma ya nyumba hizo mtaona neno la wenyewe: jiko limeongezwa, baraza imeongezwa, vyumba vya pembe nne vimebandikwa kwenye mgongo wa duara. Watu walipokea kuba, kisha wakaanza kujenga nyumba.

Na sisi ndivyo tunavyoishi. Nyumba yetu inakua pamoja na watoto. Leo chumba na sebule. Kijana akibalehe anaongezewa chumba cha pembeni. Mama mkwe akirudi kutoka Nyarugusu anaegemezewa kingine. Ukuta ulionyooka unakubali mwenzake. Duara linakataa: ukitaka kuongeza unajenga duara la pili na kutoboa la kwanza, na kutoboa kuba si kazi ya kubahatisha. Tusisahau kitanda. Kitanda ni cha pembe nne, kabati pia, na ukuta unaoinama unakula nafasi ya kichwa.

Tunakuja sasa kwenye mabati, na hapa tunakiri kwamba vijana wametufikirisha. Kila mmoja humu ndani anajua bati ni nini. Si paa tu. Ni benki. Mtoto akiingia hospitali, mtu anashusha mabati matano. Vita ikija, wenye nguvu wanayafungua na kuondoka nayo kichwani. Wangapi kati yenu mlikuta nyumba zenu hazina mabati, hazina milango, ukuta umeyeyuka kwa mvua kwa sababu kofia iliibiwa? Kuba haiwezi kuvuliwa kofia. Mtu akikimbia miezi sita atakuta nyumba iko pale, labda imekwanguka, lakini iko. Kwa mtu aliyekwisha kukimbia mara mbili, hoja hiyo ni nzito kuliko hesabu zote tulizozipiga hapa juu. Lakini vilevile, kuba haishushiki siku ya shida. Huwezi kuuza kipande cha kuba kulipa daktari. Chaguo ni kati ya mali ambayo mwizi hawezi kuibeba na mali ambayo wewe mwenyewe unaweza kuibeba. Watu wa Goma wamekata shauri lao: baada ya volkano ya Januari 2002 wengi walijenga nyumba za mbao juu ya mawe ya moto yaliyopoa, na nyumba ya namna hiyo, mwenye kiwanja akimfukuza mtu, inafunguliwa mbao kwa mbao na kusimamishwa kwingine. Wasomi hawaiiti nyumba ya ajabu, lakini kwetu sisi ile ndiyo ubunifu mkubwa kuliko mingi tuliyoiona kwenye vitabu.

Hilo la kufukuzwa linatuleta kwenye kiwanja. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Sisi tuko na haki ya kuutumia tu, na wengi humu haki hiyo iko katika kumbukumbu ya wazee na karatasi moja ya chefu. Kati ya zile familia sita, mbili bado ziko na mgogoro na watu waliowakuta wakilima kwao. Kumjengea mtu tani 15 za udongo juu ya kiwanja chenye mgogoro ni kuchochea mgogoro, tena ni kumfunga yeye mwenyewe, juu akipoteza kesi hataondoka na kitu. Kwa hao wawili, tunasema wazi, kazi ya kwanza ya pesa ya chama ni kuwasafirisha wazee mashahidi na kumaliza maneno kwa chefu, kisha kuandika makubaliano mbele ya pande zote mbili. Paa lifuate.

Basi, ikiwa komite inataka shauri letu, ni hili. Familia nne zisizo na mgogoro zijengewe mwaka huu nyumba ambayo mafundi wa hapa wanaijua: msingi wa mawe ulionyanyuka, matofali mabichi, mabati yanayotokeza nje ya ukuta angalau nusu mita. Tusichome matofali, tanuri moja linakula miti mingi, na mnaona milima yetu imebaki na nini. Kama tofali bichi linawatia wasiwasi, iko mashine ya mkono inayolibana udongo uliochanganywa na saruji kidogo, likakauka bila moto. Uganda na Tanzania wanaitumia sana, na matofali mengine yanafungamana yenyewe bila kutumia udongo mwingi wa kuunganisha. Mkitaka, tutawaulizia kama iko moja ya kuazima.

Na kuba ijengwe. Moja. Ndogo, ya upana wa mita tatu, isiwe ya mtu kulala. Chama kinatafuta mahali pa kuweka mbegu, jembe na ile mizani. Ukuta mnene wa udongo unatunza ubaridi, na mwizi atapata taabu. Vijana waijenge kwa nguvu zao, chama kiwanunulie waya wa miba, chokaa na saruji ya msingi. Waya wenyewe, tafadhali, ununuliwe kwa faktira na mkuu wa mtaa ajulishwe mapema, kwa sababu mnajua mtu akibeba waya wa miba usiku huku kwetu anaulizwa maswali. Waweke ngazi ya mawe katika ukuta kama Wamusgum. Kuba hiyo ipite mvua yote, mwezi wa tisa mpaka wa tano. Mwezi wa sita tuingie ndani na watu wa familia zote sita, tutazame juu, tutazame chini kwenye msingi, halafu wao ndio waseme kama wangelala humo. Vijana walitaka kumi. Tunajua moja inauma. Lakini mtu aliyekwisha kupoteza nyumba mbili hafai kuwa ndiye wa kujaribiwa.

Kazi moja inaweza kuanza wiki hii, na haidai franka hata moja. Kila mwenye kiwanja achote udongo wa chini, si ule mweusi wa juu wenye mizizi. Achimbe mpaka goti. Ajaze theluthi moja ya chupa ya plastiki iliyo safi, aongeze maji mpaka karibu na shingo, afunge, atikise kwa nguvu, aiache imesimama siku nzima bila kuigusa. Mchanga utakaa chini, udongo laini katikati, mfinyanzi juu. Mkiona mfinyanzi ni mwingi mno, tofali litapasuka likikauka. Mkiona ni mchanga karibu mtupu, halitashika. Andikeni jina la mtaa juu ya chupa, si jina la mtu, juu watoto wanapenda kuchekana kwa udongo wa baba zao. Mama anayeshika kasha amekubali chupa ziwekwe kwenye baraza yake mpaka Jumamosi, na Jumamosi saa tatu asubuhi tutapita kuzisoma pamoja na mafundi.